Matairi ya magari makubwa: Nambari za ubavuni zinazobeba maisha ya abiria

Wenye magari makubwa ya familia na pikapu hulazimika kubadilisha matairi kila baada ya miaka kadhaa, na wengi wao huchagua kwa kutazama bei na sura ya tairi peke yake. Katika nchi zenye joto kali, kama zile za Ghuba, chaguo hilo linaweza kuamua iwapo safari itamalizika kwa salama.

Kila mwaka, kati ya tarehe 21 Juni na 21 Septemba, milima ya mkoa wa Dhofar kusini mwa Oman hugeuka kijani kibichi. Ni msimu wa manyunyu na ukungu ujulikanao kwa jina la khareef. Wakaazi wa Muscat na miji mingine ya kaskazini, wakiwemo Waomani wengi wanaozungumza Kiswahili na wenye jamaa Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki, hufunga safari kwenda Salalah kukimbia joto. Wengine hutoka Umoja wa Falme za Kiarabu na nchi nyingine jirani.

Kutoka Muscat hadi Salalah ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara. Sehemu kubwa ya njia hiyo hukata jangwa, kupitia Adam, Haima na Thumrait, katika miezi ambayo joto la mchana huweza kupindukia nyuzi 45 za Selsiasi. Lami yenyewe huwa na joto kubwa zaidi kuliko hewa. Magari huwa yamejaa watu, mizigo imepangwa nyuma na mengine kufungwa juu ya paa, na mwendo ni wa barabara kuu. Baada ya saa nyingi za ukavu huo, gari huteremka milima ya Qara kuelekea Salalah, ambako ukungu hufunga njia na lami huwa imelowa.

Tairi moja, basi, linatakiwa kustahimili tanuri la jangwa na kisha lishike barabara yenye utelezi, siku hiyo hiyo. Je, mnunuzi atajuaje kama matairi anayouziwa yanaweza kuifanya kazi hiyo?

Funzo lililoanzia Ghuba

Wakaazi wa Ghuba walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kulipia gharama ya matairi yasiyofaa katika magari makubwa. Mwezi Agosti mwaka 1999, kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kubadilisha matairi ya Firestone yaliyofungwa katika magari yake ya aina ya Explorer nchini Saudi Arabia na katika nchi jirani, baada ya matairi hayo kubanduka kashata yakiwa safarini na magari kupinduka. Wakati huo, sheria za Marekani hazikuzilazimisha kampuni kuziarifu mamlaka za nchi hiyo juu ya hatua zilizochukuliwa ng'ambo.

Mwaka mmodi baadaye, tarehe 9 Agosti 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kuyaita matairi yapatayo milioni 6.5 yaliyokuwa bado yakitumika, mengi yao yakiwa katika magari ya Explorer. Idara ya usalama wa barabara kuu ya Marekani, NHTSA, hatimaye ilivihusisha vifo 271 nchini Marekani na kasoro hiyo. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo yenye joto, kama vile Arizona, Texas, Florida na California.

Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama. Ford ilisema kasoro ilikuwa katika matairi, na Firestone ikasema tatizo lilikuwa katika gari lenyewe. Jambo moja lililojitokeza katika mabishano hayo lilikuwa kiwango cha upepo. Ford ilikuwa ikiwashauri wenye Explorer wajaze upepo wa paundi 26 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho mafundi hukiita PSI, ilhali Firestone ilitaka kiwe 30. Upepo mdogo, mzigo mzito, mwendo wa kasi na joto kali vilikutana katika tairi ambalo tayari lilikuwa na udhaifu.

Rais Bill Clinton alitia saini sheria mpya tarehe 1 Novemba mwaka huo wa 2000. Tangu hapo watengenezaji wanawajibika kuziarifu mamlaka za Marekani pale wanapoyaita magari au matairi katika nchi nyingine. Sheria hiyo pia ndiyo iliyozaa taa ya onyo la upungufu wa upepo, ambayo tangu Septemba 2007 ni lazima iwemo katika magari yote mapya mepesi yanayouzwa Marekani, yaani yale ambayo uzito wake pamoja na mzigo hauzidi kilo 4,536.

Jinsi joto linavyoliua tairi

Tairi linapobeba gari, sehemu inayogusa barabara hubonyea, kisha hunyooka pale inapoinuka. Kubonyea na kunyooka huko ndiko kunakozalisha joto ndani ya mpira. Tairi la kipimo cha kawaida cha magari makubwa ya familia lina mzingo unaokaribia mita mbili na nusu. Katika safari ya kilomita 1,000, kila tairi huzunguka zaidi ya mara 400,000, na katika kila mzunguko mpira hukunjwa na kukunjuliwa.

Upepo ukiwa pungufu, ubavu wa tairi hubonyea zaidi na joto huongezeka. Mzigo ukizidi, matokeo ni hayo hayo. Mwendo ukiongezeka, mpira haupati nafasi ya kupoa. Ndani ya tairi mna mishipi ya nyuzi za chuma iliyogandishwa kwa mpira, na joto likipita kiasi, gundi hiyo huanza kuachia kidogo kidogo. Dereva haoni chochote kwa nje, mpaka pale kashata nzima inapobanduka kwa ghafla, mara nyingi katika tairi la nyuma ambako mzigo umelala. Katika gari refu na zito kwa juu, kishindo hicho hutosha kulivuta pembeni na kulipindua.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa matairi ya gari kubwa hana budi kujua mambo matatu kabla ya kuuliza bei: mzigo ambao tairi linaweza kubeba, mwendo linaoweza kustahimili, na umri wake. Yote matatu yameandikwa ubavuni mwa tairi.

Nambari zasema nini?

Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 265/65R17 112S, kipimo kinachopatikana katika pikapu na magari mengi ya kupanda milima. Nambari 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 65 inaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R ina maana kuwa nyuzi za tairi zimepangwa kwa mtindo wa radiali, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mtindo unaotumika katika takriban matairi yote ya magari madogo hivi leo. Nambari 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Wengi husoma hadi hapo, wakaacha sehemu iliyo muhimu zaidi. Nambari 112 ni fahirisi ya mzigo. Si kilo 112, bali ni nambari ya jedwali la kimataifa, na katika jedwali hilo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Fahirisi ya 100 ni kilo 800, 113 ni kilo 1,150, na 121 ni kilo 1,450. Herufi S inaonyesha mwendo wa juu kabisa ambao tairi limepimwa kuustahimili, yaani kilomita 180 kwa saa. Q ni kilomita 160, T ni 190 na H ni 210.

Huenda mtu akauliza: kwa nini kujali herufi ya mwendo ilhali kikomo katika barabara kuu za Oman ni kilomita 120 kwa saa? Jibu ni kwamba kipimo hicho hufanywa katika maabara, kwa tairi jipya lenye upepo kamili. Barabarani tairi huwa limechakaa, limepigwa na jua na pengine upepo umepungua. Tofauti kati ya uwezo wa maabara na mwendo halisi ndiyo akiba ya usalama, na mwenye kununua tairi la herufi ya chini kuliko lile lililotoka na gari huwa ameipunguza akiba hiyo.

Kwa upande wa mzigo, kosa la kawaida ni kuzidisha uwezo wa tairi moja kwa nne na kuridhika. Mzigo haugawanyiki sawa. Chukulia gari lenye uzito wa kilo 3,000 pamoja na abiria na mizigo yao. Ikiwa kilo 1,700 zimelalia ekseli ya nyuma, kila tairi la nyuma linabeba kilo 850. Matairi manne yenye fahirisi ya 100 yana uwezo wa jumla wa kilo 3,200, na kwa hesabu ya juu juu yanatosha. Lakini yale mawili ya nyuma, ambayo kila moja ni la kilo 800, tayari yamezidiwa kabla gari halijaondoka nyumbani.

Kanuni iliyo salama ni rahisi. Fahirisi ya mzigo na herufi ya mwendo za tairi jipya zisiwe chini ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mtengenezaji wa gari, ambacho kwa kawaida kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Tairi la gari dogo na tairi la lori jepesi

Katika matairi yaliyotengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani, ambayo huuzwa pia kwa wingi katika Ghuba, mnunuzi atakuta herufi P au LT mbele ya nambari. P ni tairi la magari ya abiria. LT ni tairi la malori mepesi, lenye tabaka nzito zaidi na lililokusudiwa kubeba na kuvuta mizigo.

Tairi la P si mwiko katika gari kubwa, kwani magari mengi ya familia hutoka nayo kiwandani. Hata hivyo, kanuni za Marekani zinataka uwezo wake upunguzwe linapofungwa katika pikapu au gari kubwa la aina hiyo, kwa kuugawa kwa 1.10. Tairi la P lenye fahirisi ya 113, yaani kilo 1,150, huhesabiwa kuwa la kilo 1,045 tu. Sababu ni kwamba magari hayo hupakiwa mizigo mizito na hupita njia mbaya kuliko gari dogo.

Kwa upande mwingine, wako wanaoamini kwamba tairi la LT lina nguvu zaidi kwa hali yoyote, wakalifunga na kuendelea kujaza upepo ule ule wa zamani. Hapo ndipo penye hatari isiyofahamika na wengi. Uwezo ulioandikwa ubavuni mwa tairi la LT hupatikana kwa upepo wa juu tu: PSI 50 kwa daraja C, 65 kwa daraja D na 80 kwa daraja E. Tairi la LT265/70R17 la daraja E lina fahirisi ya 121, yaani kilo 1,450, lakini likijazwa PSI 35 uwezo huo hushuka hadi chini ya kilo 900. Yaani mtu ameongeza fedha kununua tairi gumu zaidi, na kwa kosa la upepo akajikuta na uwezo mdogo kuliko ule wa tairi alilolitoa. Anayehama kutoka P kwenda LT anapaswa kumtaka muuzaji amwonyeshe jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji, si kukisia.

Hayo hayana maana kwamba kila mtu anahitaji LT. Tairi hilo ni zito, hula mafuta zaidi na hulifanya gari liwe gumu katika mashimo. Familia inayotumia gari lake mjini na kusafiri mara chache kwenye lami inaweza kutosheka na tairi la abiria lenye fahirisi sahihi. Mwenye kuvuta boti, kubeba saruji au kupita njia za mawe kila wiki ana sababu ya kulichagua lile la lori jepesi.

Kashata: lami, changarawe au matope

Baada ya mzigo na mwendo, ndipo unapofika wakati wa kutazama michoro ya tairi, ile ambayo madereva wengi wa Afrika Mashariki huiita kashata. Kwa magari makubwa kuna makundi makuu matatu. La kwanza ni tairi la barabara kuu, huandikwa H/T, lenye mifereji membamba. Halina kelele, hupoa haraka na hushika vyema lami iliyolowa. La pili ni tairi la ardhi zote, A/T, lenye meno makubwa zaidi kwa ajili ya changarawe na njia za vumbi. La tatu ni tairi la matope, M/T, lenye meno manene yaliyoachana sana.

Matairi ya matope huvutia macho, na vijana wengi huyapenda kwa sura yake. Lakini sehemu ya mpira inayogusa lami ni ndogo, breki katika mvua huwa ndefu zaidi, kelele ni kubwa, na mengi yao yana herufi ya mwendo ya Q tu. Meno manene pia huhifadhi joto zaidi katika safari ndefu ya kasi. Kwa anayefanya safari ya Muscat hadi Salalah, au kutoka Dubai hadi Muscat, tairi la barabara kuu ndilo linalofaa, na lile la ardhi zote linamtosha anayekwenda pia mabondeni na mchangani mwisho wa wiki.

Mchangani nako kuna jambo la kuzingatia. Wapandao matuta ya jangwa la Sharqiya, mashariki mwa Oman, hupunguza upepo hadi PSI 15 au 18 ili tairi litanuke na lisizame. Ni desturi sahihi, mradi upepo urejeshwe kabla ya kurudi kwenye lami. Kilomita chache za kasi zikiwa na upepo huo zinaweza kulijeruhi tairi kwa ndani, na jeraha hilo likajitokeza wiki kadhaa baadaye.

Ama kuhusu kubadilisha kipimo, uchaguzi wa tairi kubwa zaidi una gharama zake. Tairi la 265/70R17 lina kipenyo cha takriban milimita 803. Likibadilishwa kwa la 285/70R17, kipenyo hufika milimita 831, nyongeza ya asilimia 3.5. Kipima mwendo kilichokuwa sahihi kikionyesha kilomita 120 kwa saa, gari kwa hakika litakuwa linakwenda 124. Aidha, gari huinuka juu zaidi, breki hufanya kazi kubwa zaidi, na tairi linaweza kukwaruza bodi pale usukani unapokatwa wote.

Umri wa tairi

Mpira huzeeka hata kama hautumiki. Jua, joto na hewa ya oksijeni huukausha na kuupa nyufa. Ndiyo maana tairi lenye kashata iliyojaa linaweza kuwa la hatari kuliko lililochakaa nusu.

Tarehe ya kutengenezwa imo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kabisa. Mara nyingine tarehe huandikwa upande mmoja tu, na fundi akaufunga upande huo kwa ndani. Mnunuzi ana haki ya kuomba aione kabla tairi halijafungwa.

Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita, bila kujali kashata iliyobaki. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe baada ya miaka kumi tangu kutengenezwa. Katika nchi za joto kali, busara ni kufuata muda ulio mfupi zaidi.

Uingereza ilijifunza hayo kwa msiba. Mwezi Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight lilipata ajali katika eneo la Surrey, na watu watatu wakafariki. Tairi lake la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, ingawa kashata yake ilikuwa bado inakubalika kisheria. Baada ya kampeni ndefu, serikali ilipiga marufuku matairi yenye zaidi ya miaka 10 katika ekseli za mbele za malori na mabasi, kuanzia tarehe 1 Februari 2021. Magari ya familia hayamo katika marufuku hiyo, lakini mpira wake huzeeka kwa namna ile ile.

Kwa upande wa kina cha kashata, sheria ya Uingereza inataka kisipungue milimita 1.6 katika robo tatu ya kati ya upana wa tairi, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500 na kupewa pointi tatu za leseni kwa kila tairi. Ndani ya mifereji kuna vijipande vya mpira vilivyoinuka, na kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Hata hivyo, uwezo wa kusukuma maji hupungua mapema zaidi, na wataalamu wengi hushauri kubadilisha likifika milimita 3.

Kwa wakaao nchi za baridi

Wasikilizaji walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wana suala jingine. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa katika baridi na hauwezi kushika theluji, hata kama gari linaendeshwa kwa magurudumu yote manne. Uwezo wa kusukuma kwa magurudumu manne husaidia kuondoka, lakini hausaidii kusimama. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Katika jimbo la Quebec nchini Canada, wanakoishi Wakongomani na Warundi wengi, matairi ya baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Disemba hadi 15 Machi.

Matairi hayo hayo hugeuka balaa yakifika penye joto. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa bado na matairi ya theluji. Mpira wake laini huliwa haraka na lami ya moto, na breki huwa hafifu. Anayewatumia jamaa zake gari nyumbani afanye vyema kutazama alama hiyo na tarehe ya tairi kabla gari halijapakiwa melini, na kuingiza bei ya matairi mapya katika hesabu yake.

Matairi yaliyotumika, yanayouzwa kwa bei ya chini katika nchi nyingi, nayo yana siri zake. Haijulikani kama liliwahi kuendeshwa bila upepo wa kutosha, wala kama lilizibwa pancha kwa njia sahihi. Pancha huzibwa kwa kiraka cha ndani pamoja na kizibo, kwenye kashata tu, na tundu lisizidi milimita 6. Tairi lililotoboka ubavuni halizibiki.

Mawili au manne?

Kwa sababu ya gharama, wengi hununua matairi mawili. Ikiwa ni hivyo, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari huendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Magurudumu ya nyuma yakiteleza katika maji, gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirejesha, ilhali ya mbele yakiteleza, kupunguza mwendo kwa utaratibu mara nyingi hutosha.

Lakini kwa gari ambalo magurudumu yote manne huendeshwa wakati wote, tofauti ya kipenyo kati ya tairi jipya na la zamani huilazimisha mitambo ya kugawa nguvu kufanya kazi bila kupumzika, na kuiharibu. Kwa magari hayo ni heri kubadilisha yote manne kwa pamoja, ya aina moja, na kuyazungusha nafasi mara kwa mara, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, ili yachakae sawasawa.

Upepo, kazi isiyo na gharama

Tairi bora kabisa huwa si kitu bila upepo sahihi. Kiwango cha kufuata ni kile cha kibandiko cha mlangoni. Nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ya mwisho wa uwezo wake, na haikukusudiwa kuwa ya matumizi ya kila siku. Vitabu vingi vya magari hutoa pia kiwango cha juu zaidi kwa gari lililojaa mizigo, na hicho ndicho cha kufuata kabla ya safari ndefu.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, gari likiwa limesimama kwa muda usiopungua saa tatu. Kila joto linapopanda kwa takriban nyuzi 5.6 za Selsiasi, upepo huongezeka kwa PSI moja hivi. Anayepima kwenye kituo cha mafuta katikati ya jangwa, akaona umepanda na kuutoa, huwa ameliacha tairi na upungufu.

Taa ya onyo kwenye dashibodi nayo isitegemewe peke yake. Sheria ya Marekani inaitaka iwake pale upepo unapopungua kwa asilimia 25. Kwa gari linalotakiwa kuwa na PSI 35, taa huenda isiwake mpaka upepo ushuke hadi 26, na kwa gari lililosheheni, hapo uwezo wa tairi umekwisha kupungua sana.

Hali kadhalika, tairi la akiba lisisahaulike. Linaloning'inia chini ya gari hula vumbi na joto la barabara, na linalofungwa kwenye mlango wa nyuma hupigwa jua mwaka mzima. Mara nyingi huwa ndilo kongwe kuliko yote. Mwenye kununua matairi manne mapya asome pia tarehe ya lile la tano na kulijaza upepo, kwani kati ya Haima na Thumrait maduka ya matairi ni machache na yamo mbali mbali.